Nyama Isiyoonjwa

Jioni ile Kasika alitoka kwenda kununua chumvi, basi. Hakuwa na lingine moyoni. Jua lilikuwa limezama upande wa Beni, na juu ya Mutwanga mlima wa Ruwenzori ulikuwa umejifunika mawingu mpaka magotini, kawaida yake. Alivaa kandambili, akakaza kitenge, akashuka hadi kwenye duka la mama Amina karibu na soko.

"Kesho munapanda tena?" mama Amina alimuuliza huku akichota chumvi kwa kikombe.

"Tunapanda. Bageni batatu, banatoka Butembo na Beni. Batu ba photo tu."

"Basi hii ni ya ziwa ya Katwe, ile ya kweli. Weka kidogo, iko na nguvu."

Kasika alicheka. Kumwambia mpishi wa miaka kumi na miwili aweke chumvi kidogo! Alidondosha punje chache kwenye kiganja, akalamba, akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo alivyokuwa. Kitu hakikuingia sufuriani mwake wala hakikutoka bila kupita kwanza kwenye kiganja na ulimi. Mdogo wake Mathe alimtania kwamba siku atakayokufa ataonja kwanza udongo wa kaburi ndipo akubali kulazwa.

Alifunga chumvi kwenye ncha ya kitenge, akarudi nyumbani.

Mathe alikuwa amekaa mlangoni akisafisha buti zake za mpira, zile za njano. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye mabega yaliyozoea mizigo ya watalii, na kicheko kilichosikika nyumba ya tatu. Mama yao aliuawa shambani, njia ya Mbau, Mathe akiwa bado ananyonya, na Kasika ndiye aliyembeba mgongoni miaka yote iliyofuata. Baba yao, mzee Syauswa, aliwaacha miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Kabla hajakata roho alimshika Kasika mkono akamwambia neno moja tu: kila Mathe anapopanda, wewe umshushe. Ndiyo maana Kasika aliendelea kupika kule juu. Kazi ya jikoni angeipata popote, hata Butembo mjini kwenye mikahawa ya maana, lakini Mathe alikuwa mlimani.

Maana Mathe alikuwa amerithi kazi ya baba, na haikuwa ya kubeba mizigo.

Miaka ya karibuni watu wa Butembo na Beni wamegundua kwamba wana mlima. Mmoja alipiga picha kwenye maporomoko, akaitupa kwenye simu, na tangu hapo kila Jumapili ni misafara: wanakwaya, wachumba, wanafunzi wa chuo, wote wakipanda kwa makelele na viatu visivyofaa. Njia inapita migomba na kakao, inaingia msituni, inafika maporomoko ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu, hatua mia mbili kabla ya bango la mbuga. Hapo ya tatu ndipo wageni hupenda kuchoma nyama. Mbuzi hupandishwa akiwa hai, maana ana miguu yake, na nani atabeba nyama mlima wote ule? Anachinjiwa palepale juu.

Na mnyama anayekufa karibu na maji yale si wa wageni peke yao.

Mzee Syauswa hakulitaja jina la mwenye mahali pale. Alimwita Mwenye Mifugo, kwa kuwa wanyama wote wa msitu ule ni mifugo yake. Wawindaji wa zamani walimjua. Ukiua pale, ini na mguu wa mbele wa kulia vinatengwa, vinachemshwa pembeni bila chumvi, na mtu wa ukoo wao anavipeleka kwenye jiwe bapa chini ya maji, juu ya jani la mgomba. Anageuka, anaondoka, haangalii nyuma. Ndipo wengine wale. Na kabla ya hapo hakuna kinywa kinachogusa nyama ile.

"Ukionja," mzee aliwaambia wote wawili tangu wakiwa wadogo, "umekaa naye meza moja. Na ule hapana mutu wa kukaa naye meza moja."

Siku zote ilikwenda salama.

Wageni walifika asubuhi kwa pikipiki. Esdras alikuwa fundi wa simu mjini Butembo, mwenye miwani ya jua na maneno mengi. Léa alikuwa mchumba wake, msichana mchangamfu aliyepanda mlima na mkoba wa mkononi. Issaka, mpiga picha, alikuwa kijana mpole wa Beni, ambaye kwao ni watu wa malori. Mbele yao alitembea Delphin, kiongozi wa njia, na nyuma kabisa Mathe na mzigo wake, na mbuzi mweupe kwa kamba.

Walipanda wakicheka. Esdras alianguka mara nne kwenye tope na kila mara akalaumu mlima. Maporomoko ya tatu walifika saa tisa alasiri, wakiwa wamechelewa sana kwa sababu ya picha, na Léa alipoona ukuta ule mweupe wa maji ukishuka kwenye giza la miti alipiga kelele ya furaha kama mtoto. Issaka aliomba amchinje mbuzi mwenyewe ili naye aweze kula. Alimgeuza kibla, akataja jina la Mungu, akamaliza kwa mkono mmoja. Damu ikatiririka ikaingia mtoni.

Kasika aliwasha mafiga mawili. Sufuria kubwa ya wageni, na kasufuria kadogo ka kule jiweni.

Delphin, aliyemwita yaya, dada mkubwa, kama Mathe, alikuwa akitazama juu. "Yaya Kasika, fanya mbio. Brouillard iko nashuka."

"Niache, miye si moteri ya pikipiki."

"Mais tunangoja nini?" Léa aliuliza. "Nyama iko naiva, mi niko na njaa vraiment."

"Ya kule kwanza, tantine," Mathe alimjibu kwa upole. "Kisha yetu." Yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, hata maji.

Esdras alicheka, akasema mambo ya mababu yamepitwa na wakati, akaendelea kuchezea simu yake isiyo na mtandao.

Ukungu ulishuka haraka. Kasika alikuwa akikoroga huku, akipuliza kule, moshi machoni, Delphin anamhimiza, Léa anamuuliza kama pilipili ipo. Alichovya mwiko, akadondosha mchuzi kwenye kiganja, akalamba. Umepooza. Mkono wake ukaenda kwenye ncha ya kitenge, ukachota, ukatupa, ukakoroga. Akaonja tena. Sasa chumvi imekolea.

Kisha akatazama chini.

Alikuwa ameshika mwiko wa kasufuria kadogo.

Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakuna aliyeona. Ini la mbuzi ni moja, halina pacha, na hakukuwa na mbuzi mwingine mlima mzima. Alitaka kusema. Mungu ni shahidi wake, alifungua kinywa aseme. Lakini Mathe alikuwa tayari amesimama mbele yake na jani la mgomba mikononi, anatabasamu, mwenye njaa yake.

"Yaya, imeiva?"

"Imeiva," Kasika alisema.

Alipakua ini na mguu juu ya jani. Mathe akaibeba nyama, akashuka kwenye mawe, buti zake za njano zikafifia ukunguni. Kasika alijiambia ni mchuzi tu, ni tone tu. Alijiambia baba alikuwa mzee na wazee wana maneno yao. Alijiambia mengi, na moyo wake haukukubali hata moja.

Kwenda na kurudi ni dakika kumi.

Zikapita kumi. Zikapita ishirini.

"Miye nienda nione," Issaka alisema akichukua kamera. "Na mwangaza hii, photo itakuwa ya ajabu."

"Hapana," Kasika aliropoka. "Kaa hapa."

"Mama, nitakuja sasa hivi."

Akashuka. Walisikia mawe yakiteleza chini ya viatu vyake, kisha hawakusikia kitu. Na Kasika ilimchukua muda kuelewa kwa nini masikio yake yanamuuma.

Maji yalikuwa yamenyamaza.

Yalikuwa yanaanguka bado. Aliyaona, meupe, mazito, yakianguka kutoka juu ya mwamba na kupasuka chini. Lakini hayakuwa na sauti yoyote. Msitu mzima ulikuwa kimya. Halafu ikaja harufu, ya manyoya mabichi na ya nywele zilizoungua, nzito kiasi kwamba Léa alifunika pua.

Na kwa mbali...

Tu.

Tu.

Tu.

Kitu kilikuwa kinaruka kwa mguu mmoja, juu ya mawe, kinakuja.

"Ni nani?" Esdras alinong'ona.

Ukungu ulipoachana kidogo walimwona Issaka. Alikuwa amesimama nyuma ya mti mkubwa pale ukingoni, upande mmoja tu wa mwili wake ukionekana, bega moja, jicho moja lililokodoka kuwatazama. Léa alishusha pumzi.

"Issaka! Unatutisha! Toka uko!"

Issaka hakutoka. Aliinama polepole, akaanguka mbele kwenye nyasi, mbele ya macho yao.

Ulikuwa ni upande huo tu. Nyuma ya mti hakukuwa na kitu kingine.

Léa alipiga ukelele ambao Kasika anausikia hadi leo akiosha vyombo. Matumbo ya kijana yule yalikuwa yanafuka mvuke kwenye baridi. Alikuwa amepasuliwa kutoka utosini hadi kwenye nyonga, sawasawa, kwa ustadi wa mtu anayejua kupasua. Esdras, ambaye siku nzima alikuwa mzaha mtupu, alikwapua panga la kuni na kusimama mbele ya mchumba wake. Kasika alimhurumia na kumheshimu kwa wakati mmoja.

"Toka!" Esdras alifoka. "Toka tuonane!"

Kikatoka.

Kilikuja kwa kuruka mara moja tu kutoka ukunguni, na mkono mmoja mrefu ukamshika Esdras uso. Panga lilishuka, likagonga kitu kigumu, likadondoka. Mkono ulizungusha. Kasika alisikia shingo ikivunjika, kisha akasikia ikichanika, na damu ikamrukia kifuani ikiwa bado moto. Sufuria kubwa ilipinduka. Nyama za wageni zikamwagika motoni na mwili wa Esdras ukaangukia juu yake, miguu ikipiga ardhi, ikipiga, hadi ikaacha.

Delphin alimbeba Léa kiunoni na kukimbia kushuka. "Yaya Kasika! Kimbia!"

Kasika hakukimbia. Miguu ilitaka, kila mshipa ulitaka. Lakini Mathe alikuwa bado chini. Aliyemwambia imeiva ni yeye.

Kile kitu kilikuwa kimekwisha kuondoka, na panga lilikuwa limekwenda nacho. Alifuata damu.

Kwenye jiwe bapa alikuta jani la mgomba. Lilikuwa limelambwa hadi likang'aa. Kando yake ulikuwepo mguu wa mbele wa mbuzi, mfupa mtupu, umevunjwa na kunyonywa uboho. Nyuma ya maji yasiyo na sauti kulikuwa na uwazi, na Kasika akapita humo akilowa hadi kwenye mifupa, akasimama ndani ya pango kavu lenye masizi.

Mathe alikuwa amelala chali juu ya majani. Alikuwa hai. Macho yake yalimgeukia, midomo ikacheza, sauti haikutoka.

Na pembeni yake Mwenye Mifugo alikuwa ameketi.

Alikuwa na mguu mmoja, wa kushoto, mpana, wenye kucha nyeusi. Mkono mmoja wa kushoto. Jicho moja, sikio moja, nusu ya kinywa. Upande wa kulia hapakuwa na jeraha wala kovu. Hapakuwa na kitu. Pale ambapo mwili wake ulipaswa kuendelea, Kasika aliona ukuta wa pango nyuma yake. Mapajani mwake kulikuwa na panga la Esdras.

Alinusa hewani. Akasema kwa nusu ya kinywa, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Ilikuwa na chumvi."

Kasika alipiga magoti. "Ni miye. Miye ndiye nilionja. Mutoto huyu hapana kosa. Tangu asubui hapana kula."

"Najua."

"Basi chukua miye. Tafazali, tata. Chukua miye, umuache."

Jicho lile lilimwangalia kwa muda mrefu, na kilichomtisha Kasika kuliko damu yote aliyokwisha kuiona ni kwamba halikuwa na hasira. Lilikuwa na adabu. Lilimwangalia jinsi mwenyeji anavyomwangalia mgeni wake mezani.

"Weye hapana nyama tena," alisema. "Weye tulikula naye sahani moja. Wale bengine, ndiyo nyama. Huyu naye, nyama. Lakini weye unamuomba."

"Ninamuomba. Ndugu yangu. Nipe."

"Batu ba sahani moja banagabana."

Kasika hakuelewa. Alielewa aliposukumiwa kwa mkono ule mrefu mguu wa kushoto wa Mathe, akawekewa kifundo kiganjani. Amemshikia baba yake mbuzi mara ngapi? Mmoja anashika, mwingine anapasua. Usiposhika vizuri panga linakwenda upande.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, hapana..."

"Ukikataa, nabeba yote."

Maji yalianguka nyuma yake bila sauti. Mathe alikuwa anamtazama, na chozi moja lilikuwa linatoka kwenye kila jicho.

"Shika muzuri," Mwenye Mifugo alimnong'oneza. "Ikiyumba, utapata kidogo."

Kasika akashika.

Mkono ulipanda. Panga lilishuka. Alishika kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akikaza meno hadi mojawapo likapasuka, huku mwili wa mdogo wake ukijirusha na kujikunja na kujirusha tena. Panga lilishuka kwenye bega la kulia, mfupa ukaachia. Likashuka kwenye paja, mara tatu, maana paja la kijana mbebaji ni gumu. Sauti ya Mathe ilirudi pale, yote kwa pamoja, na ikajaa pangoni hadi ikawa ndiyo sauti pekee duniani. Kisha vidole virefu vikaingia kwenye jicho la kulia, vikalitoa kwa upole.

Yule akanyoosha mkono kwenye ncha ya kitenge cha Kasika. Akafungua fundo. Akatwaa chumvi yote ya Katwe, akaisugua kwenye nyama iliyo wazi, begani, nyongani, usoni, na kila alipopita damu ilikauka na ngozi ikajifunga. Punje chache zilibaki kwenye kiganja chake.

Akalamba.

"Tamu," alisema.

Kasika alipozinduka alikuwa amekaa kwenye njia, chini ya maporomoko ya kwanza, amempakata mdogo wake kwenye kitenge alivyombeba utotoni. Maji yalikuwa yananguruma. Bado kulikuwa na mwanga kidogo. Delphin alikuwa anapanda na wanaume kumi wenye mapanga, na alipowaona alikaa chini akajishika kichwa.

Karatasi ya hospitali iliandika: mlipuko wa bomu. Daktari aliyeiandika aliyapapasa makovu mara nyingi, akamuuliza Kasika ni miaka mingapi tangu kijana akatwe. Alimjibu ni jana. Daktari hakuuliza tena, na askari waliokuja kuandika habari nao waliridhika na bomu, kwa kuwa Beni na mabomu ni mambo yanayoaminika. Issaka alizikwa kwao haraka, na waliombeba hawakusema lolote kuhusu wepesi wake. Esdras alizikwa Butembo, mazishi makubwa. Léa, tangu siku ile, alijibu salamu tu, hakusema lingine.

Siku ya nne hospitalini Mathe alifungua jicho lake.

"Yaya," alisema, "ilikuwa na chumvi."

Hakusema kwa lawama. Kasika alilia hadi wauguzi wakamtoa nje.

Walihamia Butembo, chumba kimoja nyuma ya kanisa, mbali na mlima. Kasika alipata kazi ya kupika kwenye mkahawa na akaipoteza mwezi huohuo, maana tangu siku ile haonji. Anatia chumvi kwa macho, na chakula chake kinatoka ama maji matupu ama bahari. Majirani wanacheka. Yeye anamlisha Mathe, anamwogesha, anamtoa kwenye jua asubuhi, na kwake inatosha, kwa kuwa alimshusha. Neno la baba alilitimiza. Nusu yake, roho inamsuta usiku na mchana, nusu yake tu.

Kuna kitu hakuwahi kumwambia mtu: ni nani aliyeshika mguu.

Njia ya maporomoko ilifungwa miezi mitatu, kisha ikafunguliwa. Watu wakawa wengi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa ilikuwa na habari. Kila Jumamosi Kasika alimpigia Delphin simu, na swali lake lilikuwa moja.

"Mutapandisha mbuzi?"

"Hapana, yaya. Mukate na jus tu. Niliapa."

Jumamosi moja jibu lilikuwa jingine. "Yaya... kuko alama za miguu pale kwenye jiwe. Niliona miye mwenyewe."

"Za mguu moja?"

"Zamani ilikuwa moja." Alimeza mate, Kasika alimsikia. "Sasa ni mbili. Ya kushoto ni mguu mutupu. Ya kuume iko na buti."

Kasika aligeuka. Kwenye kona ya chumba ilikuwa imesimama moja ya buti za njano, ya kushoto. Hiyo ndiyo iliyorudi na Mathe.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, jua likiwa utosini na watoto wa jirani wakicheza mpira nje, Kasika alimpakulia Mathe bugali na sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Mathe hakugusa. Jicho lake lilikuwa linatazama upande wa mlima, ambao kutoka pale hauonekani.

"Batu banafika kwenye maji," alisema.

"Batu gani? Kula."

"Ba harusi. Bibi iko na robe nyeupe, anakamata na mukono sababu ya tope." Jicho lake lilisogea kidogo. "Balificha mbuzi. Delphin hapana jua. Balimupitisha njia ya kakao. Mbuzi mweusi."

Kijiko kilimdondoka Kasika. Alichukua simu, akabonyeza jina la Delphin, akasikia kwamba namba haipatikani. Akabonyeza tena. Kule juu hakuna mtandao, anajua, amepika kule miaka kumi na miwili. Alibonyeza hadi kidole kikamuuma.

"Mathe, ambia yeye aache. Weye ni ndugu yake sasa. Ambia yeye!"

Chozi lilikuwa linatoka kwenye jicho lile moja.

"Yaya, ni mukono yangu," alinong'ona. "Ile ya kuume. Mi hapana ituma. Iko nafanya peke yake."

Bega lake tupu lilipanda.

Likashuka.

Likapanda tena.

Nje mpira uligonga ukuta, watoto wakashangilia. Kasika alijiziba kinywa kwa mikono miwili, akakaza, lakini mate yalikuwa yameshamjaa, na katikati ya ulimi wake, moto, laini, kikatua kitu ambacho hakikuwa ini la mbuzi. Alitaka kutema. Ulimi wake haukutaka. Ulikigeuza taratibu, upande huu, upande ule, ukafanya kazi yake ya miaka yote.

Chumvi ilikuwa imekolea.